Jua la Malindi halina kosa

Kwetu Malindi gari likichemsha, anayelaumiwa kwanza ni jua. Nimekaa Uingereza miaka mingi, na kila nikija nyumbani nakuta injini nyingine imekufa kwa imani hiyo.

Ndani ya injini, Leeds ya Uingereza na Malindi hazipishani sana. Themostati nyingi, zile vali zinazozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hufunguka kwenye digrii 82 hadi 90, na injini hufanya kazi karibu na hapo popote iendako. Joto la nje huipa rejeta kazi zaidi, ni kweli, lakini gari zetu nyingi zimetoka Japani, ambako kiangazi hupita digrii 35. Ziliundwa zikistahimili hayo.

Kinachotutofautisha ni kile tunachomimina kwenye rejeta. Huku Uingereza mtu haendeshi kwa maji matupu bila kulanti, ile dawa ya rejeta isiyoganda upesi, kwa sababu anaogopa majira ya baridi: maji yakiganda hutanuka, nayo hupasua bloku ya injini. Hofu hiyo kwetu haipo. Dereva mmoja wa matatu ya Mombasa aliniambia, "Kulanti ni ya huko kwenu kwenye barafu, kaka. Huku maji yatosha."

Hayatoshi! Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huchemka kwenye digrii 107 hivi, na mfuniko wa rejeta ukiwa mzima, ule mbano wake hukipandisha kiwango hicho kupita 120. Tena ina dawa ya kuzuia kutu. Kwa hiyo sisi wa joto tunaihitaji vilevile, na pengine kuwashinda hao wa barafu. Maji ya visima vyetu ndiyo mabaya kabisa. Ardhi yetu ni ya matumbawe, maji yake ni magumu, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Ukoko mweupe hujijenga kidogo kidogo ndani ya vile virija vyembamba vya rejeta, chumvi inakula alumini ya hedi, yaani kichwa cha injini, wota pampu inaoza. Siku gari likipandisha mshale wa joto njiani, tunatazama juu angani.

Linaloniuma zaidi ni kung'oa themostati. Gari likichemsha mara mbili, fundi anaitoa na kuitupa, na mwenye gari anashukuru. Injini hukawia kupata moto wake, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale: rejeta imeziba, au feni haizunguki, au mpira wa maji unavuja, au gasketi ya hedi imeungua. Ikiwa themostati ndiyo iliyokwama, inunuliwe nyingine. Haikuwekwa pale kwa pambo.

Sisemi huku kila kitu ni sawa. MOT, ukaguzi wa lazima ambao gari huanza kuufanyiwa kila mwaka likitimiza miaka 3, hutazama breki, taa, tairi na moshi, kulanti haimo. Na gereji za huku rejeta ikitoboka hubadilisha tu. Fundi wa kwetu huifungua rejeta ya shaba, akasugua mrija mmoja mmoja, akachomelea palipotoboka, na jioni gari likarudi barabarani. Ujuzi wa namna hiyo huku sijauona, nami nauheshimu sana.

Basi lawama yangu haiendi kwa mafundi peke yao. Matajiri wa magari ndio wanaosema "tia maji twende", na sisi tulio ughaibuni tumo. Tunamtumia ndugu pesa za kununua gari, hatumtumii za kulitunza. Kuosha mfumo, kutia kulanti na kununua mfuniko mpya hakukaribii gharama ya kufungua injini, kupeleka hedi iliyopinda ikasawazishwe na kuweka gasketi nyingine. Anayenunua gari la kazi mwaka huu amwambie fundi afungue aone kama themostati imo, kabla hajalipa.