Msimtumie Epictetus kunyamazishia watu

Juzi ofisini kwetu tuliletewa mhamasishaji. Suti ya bluu ya kubana, kiatu chenye ncha, maiki ya kubandika shavuni. Mshahara hatujauona tangu kabla ya Pasaka, lakini hela ya ukumbi, ya feni za kukodi na ya sambusa ilipatikana. Slaidi ya kwanza ilikuwa na sanamu ya mzee mwenye ndevu na maneno haya: kinachomsumbua mtu si mambo yenyewe, ni jinsi anavyoyachukulia.

Mama mmoja wa masjala akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Na mwenye nyumba wangu, naye nimwambie aichukulieje kodi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akasema, "Mama yangu, unaona? Hiyo ndiyo lugha ya malalamiko. Badilisha lugha, utabadilisha maisha." Meneja, mstari wa mbele, akapiga makofi.

Kilichoniuma ni kwamba maneno ya kwenye slaidi ni ya kweli na nayapenda. Ni ya Epictetus, mwanafalsafa wa kale. Slaidi haikutaja kwamba mzee huyo alikuwa mtumwa. Alizaliwa Hierapolis, Uturuki ya leo, katika karne ya kwanza, akamilikiwa Roma na Epaphroditus, mtu wa karibu wa Kaisari Nero ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. (Ndiyo, aliyetoka utumwani akanunua watumwa. Tuendelee.) Alipoachwa huru akafundisha, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma, akahamia Nicopolis, Ugiriki. Hakuandika kitu. Tulicho nacho ni kile mwanafunzi wake Arrian alichokinukuu.

Mwalimu wetu alikijua kisa cha mguu, na akakisimulia kwa mbwembwe. Inasimuliwa kwamba bwana wake alikuwa akimnyonga mguu, Epictetus akamwambia kwa utulivu, "Utauvunja." Ulipovunjika akasema, "Si nilikwambia?" Wengine wanasema alikuwa kilema tangu utotoni na kisa hiki ni cha kutunga. Sawa. Lakini hata kama ni cha kutunga, someni basi kilichomo! Mwalimu aliona subira tu. Mimi naona mtu aliyetaja tendo na mtendaji, uso kwa uso, bila kupunguza. Hakusema "mguu umepata changamoto." Hakumshukuru bwana kwa fursa ya kukua.

Hapo ndipo wahamasishaji wetu wanapomgeuza mzee wa watu. Nidhamu ya ulimi aliyoifundisha ni ya kuondoa chumvi, na chumvi huongezwa pande zote mbili. Mtu akioga harakaharaka, anasema Epictetus, usiseme ameoga vibaya, sema ameoga haraka. Akinywa mvinyo mwingi, usiseme amekunywa vibaya, sema amekunywa mwingi. Basi. Sema kilichotokea, hukumu iache kwanza.

Sasa tuipeleke lugha hiyo ofisini. "Mishahara imechelewa." Imechelewa wapi, foleni ya Ubungo? Ina miguu? "Kumejitokeza changamoto za kimfumo." Nani amezileta? Sentensi aliyotufundisha mtumwa yule ingekuwa hivi: mwajiri hajawalipa wafanyakazi mshahara wa mwezi wa nne wala wa tano. Haina tusi, haina machozi, na haina pa kujificha. Katika ukumbi mzima, aliyezungumza kama mwanafunzi wa Epictetus ni mama wa masjala: kodi ipo, mwenye nyumba yupo, nimwambie nini. Ndiye akaambiwa analalamika.

Na ule mgawanyo maarufu wa Epictetus, wa yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwemo? Kulipa mishahara kuko mikononi mwa nani? Semina ile ilipaswa kuhudhuriwa na mtu mmoja, na alikuwa amekaa mbele akipiga makofi.

Epictetus alipotaka mfano wa mtu aliyeiva, alimtaja Helvidius Priscus, mjumbe wa Seneti, baraza la wakubwa wa Roma. Kaisari Vespasian alimtumia ujumbe asiingie Senetini. Akajibu: kunitoa kwenye Seneti unaweza, lakini maadamu nimo, sharti niingie. Kaisari: basi ingia unyamaze. Helvidius: usiniulize, nitanyamaza. Kaisari: lakini lazima nikuulize. Helvidius: nami lazima niseme ninaloona ni haki. Kaisari: ukisema nitakuua. Helvidius: lini nilikwambia mimi sifi? Na kweli aliuawa. Mtu huyo alikuwa amekubali kila kitu isipokuwa kufunga mdomo. Slaidi yake sikuiona.

Nisionekane nimemkana mwalimu kabisa. Lugha hutuliza, nimeiona ikituliza. Mama yangu mzazi ana kisukari. Jioni moja kipimo kilisoma 17, dada yangu akashika kichwa: "Mama anatuacha." Marcus Aurelius, kaisari aliyezika watoto wake wengi, alijiandikia kwamba asijiongezee juu ya taarifa ya kwanza: naona mtoto anaumwa, hilo naliona, kwamba yumo hatarini, hilo silioni. Nikasema kwa sauti, kwa ajili yangu kuliko ya dada: kipimo kimesoma 17. Mama anaongea. Mama ametoka kumenya embe. Mama akanawa mikono kwa sabuni, tukapima tena. Tisa. Ilikuwa sukari ya embe kidoleni. Ingekuwa 17 kweli tungekwenda hospitali, na tungekwenda tukiwa na akili zetu.

Lakini maneno yale nilijiambia mwenyewe. Angenijia mtu ameleta kipimo kibovu akaniambia "badilisha mtazamo," tungegombana.

Wala sikubali kila neno la mzee Epictetus. Anasema ukimbusu mwanao ujikumbushe kwamba unambusu mwenye kufa. Hapana, asante. Mwanangu nambusu tu. Anaposema usiseme "nimempoteza," sema "nimemrudisha," hapo hanifundishi kipya; misiba yetu ya Waislamu hutamka kila siku kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Na asiyetaka Wayunani asome barua ya mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad kuhusu kuondoa huzuni, ya karne ya 9, atakuta mengi yanafanana.

Kwa wenzangu mliokuwa ukumbini: vuteni pumzi kama mlivyofundishwa, ni nzuri kwa mapafu. Halafu mjue kwamba madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi Tanzania, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na siku hizo hazisimami mkiwa semina. Ipo Fomu namba 1. Msiandike "tumeteseka sana," wala msiandike "mishahara imechelewa." Andikeni mwezi, kiasi, na nani hajalipa.