Presha ya mimba wiki ya 34: mtoto azaliwe au asubiriwe?

Mama ana mimba ya wiki 34. Presha imepimwa mara mbili kwa kupishana saa nne, na mara zote imesoma 150/100. Mkojo una protini ya alama mbili. Kichwa hakimuumi, haoni vimulimuli, mtoto anacheza kama kawaida. Hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika: mmoja atasema aanzishiwe uchungu kesho asubuhi, mwingine atasema alazwe asubiriwe hadi wiki ya 37. Kila mmoja ana tafiti nzito za kumuunga mkono.

Yapo yasiyobishaniwa. Mimba ikishatimiza wiki 37, mwenye presha ya namna hii azalishwe. Vilevile hakuna kusubiri, mimba iwe ya wiki ngapi, ikiwa mama amepata degedege la kifafa cha mimba, presha ya 160/110 kwenda juu imegoma kushuka kwa dawa, mapafu yamejaa maji, chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda) ziko chini ya 100,000, au kondo la nyuma limeanza kubanduka. Huyo hutulizwa kwanza kwa magnesiamu, sindano ya kuzuia degedege, na dawa ya presha, kisha huzalishwa. Ubishi umebaki kwenye wiki ya 34 hadi ya 36, ugonjwa ukiwa upo lakini haujachachamaa.

Wanaotetea kusubiri wanamtazama mtoto. Wiki hizo tatu ndizo mapafu yanapokamilisha utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee kila mtoto anapotoa pumzi. Ndizo ini linapoweka akiba ya sukari, mafuta ya kutia joto yanapojaa mgongoni na shingoni, na ubongo unapojifunza kupanga mambo matatu kwa pamoja: kunyonya, kumeza, kupumua. Utafiti wa Uholanzi uitwao HYPITAT-II, uliochapishwa 2015 na kuhusisha wanawake 703 wa wiki 34 hadi 37, ulionyesha bei ya kuharakisha: watoto wa mama waliozalishwa mara moja walipata shida kubwa ya kupumua kwa asilimia 5.7, na wa waliosubiri asilimia 1.7. Matatizo ya akina mama wenyewe yalikuwa machache pande zote.

Njiti wa wiki 34 ana hatari yake ya pekee: hafanani na njiti. Ana kilo 2 au zaidi, ngozi nzuri, analia. Anafungwa khanga, analazwa kando ya mama, hesabu yake inaingia kwenye watoto wa kawaida. Usiku anapoa. Akiwekwa titini anavuta mara tano sita kisha analala, na mama anadhani ameshiba. Asubuhi anakutwa amelegea, sukari imeshuka. Siku ya kwanza mtoto wa kilo 2 anahitaji ml 60 kwa kila kilo, yaani ml 120, zikigawanywa ml 15 kila baada ya saa tatu. Kwa hiyo maziwa yakamuliwe kwa mkono, yapimwe, na yanyweshwe kwa kikombe au yapitishwe kwenye mrija wa pua. Neno “amenyonya vizuri” likiandikwa kwenye faili bila kipimo halimwambii chochote anayeingia zamu.

Upande wa pili unauliza swali ambalo wa kwanza huliruka: huko tumboni anakosubiriwa, anakula nini? Presha ya mimba yenye protini si ugonjwa wa mama peke yake. Chanzo chake ni kondo ambalo mishipa yake haikutanuka ipasavyo mimba ilipokuwa changa, hivyo damu hulifikia kwa kubanwa. Mtoto hupunguziwa chakula na oksijeni, naye hukabiliana na hali hiyo kwa kubana matumizi: ubongo unahifadhiwa kwanza, tumbo na mapaja yanakonda, mkojo wake unapungua, na maji ya uzazi yanapungua kwa sababu hiyo. Wiki ya 36 aliyoifikia kwa njaa si sawa na wiki ya 36 ya mtoto aliyeshiba. Atazaliwa mwembamba, asiye na akiba ya sukari, pengine damu yake nzito kupita kiasi na chembe sahani pungufu. Na siku yoyote kondo linaweza kubanduka.

Utafiti wa PHOENIX wa Uingereza (2019), uliohusisha wanawake 901 wenye hali hii hii, ulikuta matatizo ya mama yakishuka kutoka asilimia 75 hadi 65 walipozalishwa mapema. Watoto wao walilazwa zaidi kwenye wodi ya wachanga, asilimia 42 dhidi ya 34, ila wengi walilazwa kwa sababu tu walikuwa njiti. Shida za kupumua hazikuzidi. Kisha 2023 yakaja majibu ya CRADLE-4, uliofanyika Zambia na India kwa wanawake 565. Matatizo ya mama kwa ujumla hayakupungua kiasi cha kujivunia, ingawa presha kali ilipungua. Lakini watoto kufia tumboni kulishuka hadi kama robo ya kulikotokea upande wa waliosubiri, na wachanga waliotolewa mapema hawakudhurika zaidi.

Kwa wasomaji wa ukanda wetu, matokeo ya Zambia yana uzito kuliko ya Uholanzi, na sababu si ujirani. Neno “kusubiri” lina maana mbili tofauti. Kwenye vitabu, kusubiri ni tiba: mama amelazwa, presha inapimwa angalau kila saa nne mchana na usiku, damu yake inaangaliwa chembe sahani, ini na figo mara mbili kwa wiki, mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila siku, na chumba cha upasuaji kiko tayari saa zote. Kwenye wodi nyingi kusubiri ni mama kupewa vidonge vya presha vya methyldopa na kuambiwa arudi kliniki wiki ijayo, au kulazwa kitanda ambacho karatasi yake ya presha ina kipimo cha saa mbili asubuhi na kingine cha saa mbili asubuhi ya kesho yake. Kati ya hapo ni saa 24 ambazo hakuna anayejua kilichotokea. Ukilinganisha kuzalisha mapema kwa kweli na kusubiri kwa kwenye vitabu, kusubiri kunaweza kushinda. Ukilinganisha na kusubiri kunakofanyika, mizani inageuka.

Mimi naegemea upande wa kuzalisha mara wiki 34 zinapotimia, kwa sharti moja gumu: iwe ni hospitali yenye wodi ya wachanga inayofanya kazi. Kama haipo, mama apewe rufaa angali na mimba yake. Hakuna inkubeta ya gari la wagonjwa inayoushinda mfuko wa uzazi, na njiti aliyesafirishwa barabara ya vumbi kilomita 80 akiwa kwenye blanketi hufika baridi.

Sharti hilo linazaa tatizo lingine, nalo ndilo linalowaponza wengi: hizo wiki 34 zimehesabiwaje? Mama aliyeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi sita, asiyekumbuka hedhi yake ya mwisho, hupimwa kimo cha mfuko wa uzazi kwa utepe. Utepe unasoma sentimita 31, faili linaandikwa wiki 31, na uamuzi unatoka: bado mchanga, tusubiri. Lakini mtoto anayenyimwa chakula na kondo ana mfuko mdogo. Huenda mimba ni ya wiki 35, na sentimita 31 ndiyo dalili ya ugonjwa wenyewe. Hapo kusubiri kunamwadhibu mtoto aliyekuwa wa kutolewa. Altrasaundi ya mwisho wa mimba haiokoi jahazi, kwa kuwa inapima ukubwa wa mtoto, na mtoto aliyedumaa itamsoma kama mwenye umri mdogo. Hata kwa asiyedumaa inaweza kukosea wiki tatu huku au kule. Kipimo cha kuaminika ni altrasaundi ya kabla ya wiki ya 24, iliyoandikwa kwenye kadi kwa tarehe. Aliyekosa nafasi hiyo, maji ya uzazi yakiwa machache, mfuko hauongezeki kwa wiki mbili mfululizo na presha iko juu, atazamwe kama mwenye mtoto mwenye njaa hadi ithibitike vinginevyo.

Chini ya wiki 34 hoja ya kusubiri inapata nguvu zaidi, maana kila siku ina thamani, japo utafiti wa Amerika ya Kilatini uitwao MEXPRE (2013) ulitia mchanga hata huko: waliosubiri kati ya wiki 28 na 33 kwa presha kali hawakupata watoto wenye afya bora zaidi, bali waliodumaa na makondo yaliyobanduka yaliongezeka. Kwa vyovyote, kinachohitajika kwanza ni saa 48 za kuchoma sindano za kukomaza mapafu: deksamethasoni mg 6 kwenye msuli kila baada ya saa 12, dozi nne.

Sindano hizo nazo zina historia ya kutahadharisha. Utafiti wa ACT uliochapishwa 2015, uliozihusisha nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, ulizisambaza hadi ngazi za chini za huduma. Vifo vya wachanga wadogo havikupungua, na kwa wachanga wote kwa jumla viliongezeka, pamoja na maambukizi kwa mama. Wengi waliochomwa walikuja kujifungua mimba ikiwa imetimia, maana yake walipata dawa wasiyoihitaji. Mwaka 2020 utafiti wa ACTION-I, Kenya ikiwamo tena, ulitumia dawa ile ile kwenye hospitali zenye altrasaundi na huduma ya wachanga, kwa mimba za wiki 26 hadi kabla ya 34. Vifo vya wachanga vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Kilichotofautiana ni kujua umri wa mimba, kutarajia kwamba mama atajifungua ndani ya saa 48, kutokuwepo kwa maambukizi, na kuwepo kwa mtu wa kumpokea mtoto mwenye CPAP (mashine ya kusukumia hewa mapafuni), joto na maziwa. Joto lenyewe si lazima litoke kwenye mashine: utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba njiti wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 aliyewekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atengemae, ana hatari ndogo ya kufa kwa robo nzima.

Kuna hoja moja ya wanaosubiri ambayo haijibiki kirahisi. Wiki ya 34 mlango wa kizazi huwa mgumu. Uchungu ukianzishwa unaweza kugoma siku mbili, na mama akaishia kwenye kisu, akabaki na kovu la kumfuata kila mimba. Njia ya kupunguza hilo ipo: misoprostoli ya kunywa mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Kidonge kilichozoeleka ni cha mikrogramu 200. Kukikata vipande vinane kwa wembe ni kucheza kamari, maana kipande kimoja kitakuwa na 15 na kingine 40, na mfuko wa uzazi unaobanwa kupita kiasi unamnyima pumzi mtoto ambaye tayari kondo lake ni dhaifu. Kiyeyushwe kizima kwenye maji ml 200, chupa itikiswe, zipimwe ml 25 kwa bomba la sindano, na yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mwenye kovu la upasuaji asipewe kabisa.

Kosa lingine la siku hiyo ni haraka ya kushusha presha. Inatakiwa ishuke chini ya 160/110, si kufika 110/70 ndani ya nusu saa. Kondo hili linategemea msukumo wa damu ya mama. Ukiukata ghafla, mapigo ya mtoto yanadondoka. Magnesiamu nayo, gramu 4 taratibu kwenye mshipa na gramu 5 kila tako, humkinga mama na degedege, lakini mchanga anaweza kuzaliwa amelegea na mvivu wa kupumua kwa saa za mwanzo. Anayempokea aambiwe mapema, ili barakoa na mfuko wa kupulizia hewa viwe vimeshajaribiwa.

Haya yote ni ya presha. Magonjwa mengine ya mama yana mizani yake. Chupa ikipasuka mapema na mama akapata homa, hakuna cha kusubiri, kwa sababu kila saa inampeleka mchanga kwenye maambukizi ya damu. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha mapafu, hivyo mtoto wa wiki 36 mwenye kilo 3.5 anaweza kupumua kama wa 33.

Limebaki jambo la sindano za mapafu baada ya wiki ya 34, ambalo baadhi ya hospitali zimelichukua kutoka utafiti wa Marekani wa 2016. Ulionyesha wachanga waliohitaji msaada wa kupumua wakipungua kutoka asilimia 14.4 hadi 11.6, lakini waliopata sukari ya chini wakapanda kutoka asilimia 15 hadi 24. Wodi yenye glukomita (kipima sukari) na vijiti vyake usiku kucha inaweza kuubeba mzigo huo. Isiyo navyo inabadilisha tatizo linalosikika, mtoto anayekoroma, kwa tatizo lisilotoa sauti. Sukari ikisoma chini ya 2.6 mmol/L mtoto alishwe mara moja. Akishindwa kunyonya au akiwa na degedege, apewe kwenye mshipa dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, ml 2 kwa kilo, yaani ml 4 kwa mtoto wa kilo 2, kisha dripu. Ikipatikana ya asilimia 50 tu, sehemu moja ichanganywe na sehemu nne za maji ya sindano. Isichomwe bila kuchanganywa.