Usiidanganye seva jina la terminali yako

Kijana wa jirani hapa Arua aliniletea laptopu yake Jumamosi jioni, ameitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kwa ajili ya mvua. "Mjomba, hii kitu imenishinda." Ni mashine ya mtumba, RAM GB 2, na ni mimi niliyemshauri aweke st, ile terminali (dirisha la kuandikia amri) nyepesi ya kundi la waundaji liitwalo suckless. Nyumbani ilikuwa inakwenda bila shida. Ila kila akiingia kwenye seva ya kazini kwa ssh, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, na kuandika `clear`, amri ya kusafisha skrini, anajibiwa `'st-256color': unknown terminal type.` Akifungua nano, kihariri cha maandishi, nayo inamfukuza mlangoni: `Error opening terminal: st-256color.`

Kabla ya kunifikia alikuwa ameshapangusa diski nzima na kushusha mfumo wa Ubuntu upya, zaidi ya GB 3. Bando letu hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo alilipia hadi kodi kutibu mashine isiyoumwa. Alipomaliza, kosa likawa palepale, herufi kwa herufi.

Lingeondokaje? Kila terminali hujitambulisha kwa jina, na jina hilo hukaa katika kigezo kiitwacho TERM. Ukiingia kwa ssh, jina linasafiri nawe. Kule upande wa pili programu hufungua daftari la terminfo kuuliza habari za mgeni: skrini yake husafishwa kwa alama gani, ana rangi ngapi, mishale yake hutuma nini. Sasa baadhi ya seva za Debian na Ubuntu, mifumo ya Linux, huwa na kifurushi cha ncurses-base peke yake, chenye majina machache yanayotumika sana. st-256color imo katika ncurses-term, na hicho huko hakuna aliyekumbuka kukiweka. St ni nzima, seva ni nzima. Mgeni amebisha hodi na jina lake halimo daftarini, basi.

Kama seva ni yako, weka ncurses-term uendelee na kazi. Kijana hakuwa na ruhusa hiyo, kwa hiyo tuliandika hivi kwenye laptopu yake:

`infocmp -x st-256color | ssh seva tic -x -`

Amri ya kwanza inatoa maelezo ya st, ya pili inayaandika kule ndani ya `~/.terminfo` ya mtumiaji mwenyewe. Ni KB chache tu. `clear` ikasafisha, nano ikafunguka, naye akabaki ameshika kichwa akizihesabu zile GB 3.

Sasa kuna dawa nyingine, ndiyo utakayoshauriwa na kila mtu: weka `export TERM=xterm-256color` ndani ya `.bashrc`, faili ambalo bash (programu inayopokea amri zako) hulisoma kila ikifunguka, ulale usingizi. Mimi naipinga. Kwa kufanya hivyo umeiambia kila programu kwamba wewe ni xterm, terminali mzee aliyezaliwa 1984 na mwenye tabia zake. St humwiga kwa mengi, si kwa yote, kwa hiyo mambo yataenda sawa wiki mbili tatu, halafu kitufe kimoja kitaanza kuleta ukaidi katika programu moja, na wakati huo umeshasahau kwamba uliwahi kusema uongo. Ukifungua tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa madirisha kadhaa, ndiyo balaa, maana tmux inahitaji TERM yake yenyewe, na `.bashrc` yako inaifuta kila dirisha jipya linapofunguka. Nimeona mtu akilaumu kadi ya skrini miezi mitatu kwa sababu ya mstari mmoja wa namna hiyo. Kama seva ni ya watu na unapita mara moja tu, andika `TERM=xterm-256color ssh seva` kwa safari hiyo moja; hapo sitakugombeza. Na usidhani ni ugonjwa wa st peke yake. Wenye terminali za foot, alacritty na kitty wote hukwama mlango uleule.

Ndani ya st, kitufe cha Delete kutofuta kitu kwenye bash ni jambo la dakika moja. Bash haikiwashi kibodi namna st inavyotarajia, kwa hiyo andika `set enable-keypad on` katika `~/.inputrc`, funga, fungua tena. Kunakili ni Ctrl+Shift+C, kubandika Ctrl+Shift+V.

Rangi na fonti zina mtego wake, na huo sioni haya kuwalaumu waundaji. St haina faili la mipangilio. Unahariri msimbo na kuikompaili, yaani kuijenga kuwa programu, upya kwa amri ya `make`. Mara ya kwanza `make` hunakili `config.def.h` kuwa `config.h`, na kuanzia hapo ni `config.h` tu inayosomwa. Mgeni anahariri ile ya kwanza, anakompaili, fonti ni ileile ya pikseli 12. Anahariri tena. Kijana alifanya hivyo mara nne, na mimi nilipoanza nilifanya zaidi ya hizo.

Kisa kilichonitoa jasho mwenyewe kilikuwa kingine. Nilikuwa nasoma kwa `tail`, amri ya kuonyesha mwisho wa faili, kumbukumbu za ujumbe wa kikundi chetu cha akiba. Mama mmoja alikuwa ametuma mchango wake na mwishoni akaweka kikaragosi cha uso unaocheka. Dirisha likatoweka. Kuganda ningeelewa, lakini hili lilitoweka kabisa kama halikuwahi kuwapo. Nikafungua tena, faili lilelile, mstari uleule, likatoweka tena. Ikabidi niianzishe st kutoka ndani ya xterm ili nisikie neno lake la mwisho, nalo lilikuwa `BadLength`. Mkosaji ni libXft, maktaba ya msimbo ambayo st huitumia kuchora herufi, iliyoshindwa kuchora vikaragosi vya rangi. Ilirekebishwa katika toleo la 2.3.5, mwaka 2022. Ubuntu 22.04 ilitoka na 2.3.4, kwa hiyo inaanguka. Debian 12 ina 2.3.6 na haina neno. Kwa kuwa sikuwa na bando la kubadilisha mfumo mzima, niliondoa kifurushi cha fonts-noto-color-emoji. Kicheko cha yule mama kwangu sasa ni kisanduku kitupu.

Giza lilikuwa limeingia kijana aliponiuliza atapandaje juu kusoma yaliyokwisha kupita. Hapandi. St haitunzi kilichotoka nje ya skrini. Walioiunda wanasema hiyo si kazi yake. Kuna kiraka, yaani msimbo wa nyongeza, cha kuiongezea uwezo huo, lakini viraka vya st hugombana kila toleo jipya likitoka, na mimi nimechoka kuwa mwamuzi wao. Nilimfungulia tmux: Ctrl+b, kisha mabano mraba ya kufungulia, halafu PageUp, na q ya kutokea. Akapanda na kushuka mara kadhaa. Kisha bila kuambiwa akaandika `echo $TERM`, akaona haisemi st tena, akanitazama kwa jicho la kunikamata: huo si uongo uleule, mjomba? Nikamwambia mle ndani inayoongea na programu ni tmux, na ndiyo inayotaja jina hilo; st iko nje, inaongea na tmux tu.