Ibada za Siri za Roma: Kiu ya Wokovu au Nyongeza ya Dini ya Mji?

Wanahistoria wa dini wamebishana kwa muda mrefu juu ya ibada za siri zilizoenea katika dola ya Roma: za Isis kutoka Misri, za Mama Mkuu wa Miungu kutoka Asia Ndogo, za Bacchus, mungu wa divai, za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, kule Eleusis karibu na Athens, na za Mithras, mungu mwenye jina la Kiajemi. Upande mmoja, uliopata nguvu kwa maandishi ya Mbelgiji Franz Cumont mwanzoni mwa karne ya 20, unadai kwamba dini rasmi ya Roma ilikuwa imekauka na kubaki shughuli ya serikali ya kuchinja wanyama na kusoma dalili, kwa hiyo watu wenye kiu ya wokovu walizikimbilia ibada za mashariki, nazo zikautengenezea Ukristo njia. Upande wa pili, ambao mtetezi wake mashuhuri ni Walter Burkert katika miaka ya 1980, unajibu kwamba hizo hazikuwa dini zinazojitegemea hata kidogo. Zilikuwa njia ya ziada ya kumwendea mungu mmoja miongoni mwa wengi, sawa na kuweka nadhiri, na aliyeingizwa humo hakuacha chochote alichokuwa nacho. Naona upande huu wa pili una hoja nzito zaidi, ingawa ukisukumwa hadi mwisho unawanyamazisha watu ambao ushahidi wao tunao.

Shahidi mkubwa wa upande wa kwanza ni Apuleius, mzaliwa wa Madauros katika Algeria ya leo, aliyeandika katika karne ya 2. Katika hadithi yake, kijana Lucius anageuzwa punda kwa uchawi na kurudishiwa umbo lake na Isis. Kisha anafunga nyama na divai kwa siku 10, anaogeshwa, anavikwa kitani, na usiku anaingizwa chumba cha ndani kabisa cha hekalu, ambako anasema alifika mpaka wa mauti na kuliona jua likiwaka usiku wa manane. Si rahisi kuyasoma hayo na kusema yalikuwa desturi tupu. Lakini hadithi hiyohiyo ina upande mwingine ambao wafuasi wa Cumont waliupita haraka mno. Isis anamwahidi Lucius maisha ya heri hapa duniani, kabla hata ya mambo ya kuzimu, na kumwambia kwamba anaweza kumrefushia maisha kuliko aliyoandikiwa. Lucius analazimika kuuza nguo zake apate gharama za kuingizwa mara ya pili. Na mwishowe tunamkuta Roma akiwa wakili mwenye kipato kizuri, neema ambayo mwenyewe anaihesabu kuwa ya miungu.

Maandishi yaliyochongwa kwenye mawe yanaelekea huko huko. Kwa sehemu kubwa ni shukrani za nadhiri zilizojibiwa: afya, usalama, mambo ya dunia hii. Tambiko la fahali la Mama Mkuu lilielezwa zamani kama ubatizo wa damu wa kuzaliwa upya, na kweli lipo jiwe la mwaka 376 ambamo mtu mmoja anajitaja kuwa amezaliwa upya milele. Hata hivyo, jiwe la Lyon la mwaka 160, ambalo ni la zamani zaidi kwa karne mbili, linasema tambiko hilo lilifanywa kwa ajili ya afya ya mfalme Antoninus Pius na ustawi wa mji. Pompeii, mji wa Italia, inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Baada ya tetemeko la mwaka 62, hekalu la Isis lilijengwa upya kuanzia msingi, na maandishi ya mlangoni yanamtaja mjenzi kuwa Numerius Popidius Celsinus, ambaye baraza la mji lilimpa udiwani bila ada kwa sababu ya ukarimu wake, naye alikuwa na miaka 6. Fedha zilitoka kwa baba, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye sheria ilimzuia kuwa diwani yeye mwenyewe. Mungu wa kigeni, hapa, alikuwa mlango wa kuingilia katika heshima ya mji, wala si wa kuutorokea.

Hata Mithras hatoki nje ya utaratibu huo. Wafuasi wake, wanaume peke yao, walikutana katika vyumba vidogo vilivyojengwa mfano wa pango, wakala pamoja juu ya mabenchi mawili yaliyoelekeana, wakapanda ngazi 7 kutoka Kunguru hadi Baba. Wengi walikuwa askari, makarani wa forodha, watumwa na walioachwa huru, watu waliozoea kupanda cheo kwa utii. Mwaka 308, mfalme mstaafu Diocletian na watawala wa dola walipokutana Carnuntum, mji wa kijeshi kwenye Mto Danube, walikarabati hekalu la Mithras na kumwita mlinzi wa utawala wao.

Ikiwa yote yalikuwa nyongeza isiyomdhuru mtu, kwa nini basi Seneti iliwavamia wafuasi wa Bacchus mwaka 186 KK? Mwandishi Livy anasema waliohusishwa walizidi 7,000, na wengi waliuawa. Hapa ndipo upande wa pili unapopata shida, na ni vizuri kuisoma amri yenyewe, iliyobaki kwenye bamba la shaba lililopatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, mwaka 1640. Haimpigi marufuku mungu. Inakataza mwanamume kuwa kuhani, inakataza mfuko wa pamoja wa fedha na viapo vya kufungamana, na inaweka ukomo wa watu watano katika ibada moja, wanaume wawili na wanawake watatu, isipokuwa kwa kibali cha Seneti yenye wajumbe wasiopungua 100. Kilichoogopwa ni kundi lenye kiongozi, hazina na kiapo, lisilopitia kwa baba wa nyumba wala kwa mji. Basi uwezekano wa jumuiya inayojitegemea ulikuwepo, na Roma iliuona mapema.

Msomaji anayejua jando na unyago ataelewa upesi kwamba mafunzo ya siri hayana lazima ya kuwa uasi, kwa kuwa anayetoka huko anarudi katika jamii akiwa mtu mzima kamili. Tofauti ni kwamba unyago humngoja kila binti wa rika lake, ilhali Mrumi aliamua mwenyewe, akalipa mwenyewe, na aliweza kuishi hadi kufa bila kuingizwa popote. Hiari hiyo ni jambo jipya na kubwa kuliko anavyokiri Burkert.

Pande zote mbili zinakutana kwenye jiwe moja, la kaburi la seneta Vettius Agorius Praetextatus, aliyefariki mwaka 384. Upande wa mbele umeorodhesha ukuhani wake wa serikali pamoja na ibada za siri, Eleusis, tambiko la fahali na cheo cha Baba wa Mababa wa Mithras, bila kuvitenganisha. Lakini katika shairi lililochongwa humohumo, mkewe Paulina anasema mumewe aliviona vyeo vya dunia kuwa vidogo na vya kupita, na kwamba kwa kumwingiza yeye, mkewe, katika mafumbo alimwondoa katika fungu la mauti. Siwezi kumwambia Paulina kwamba alikuwa anatimiza nadhiri tu.

Hata hivyo, yaliyofuata yanaelemea upande wa pili. Wakristo walistahimili mateso ya Diocletian yaliyoanza mwaka 303 kwa sababu walikuwa na maaskofu, mifuko ya maskini na mikutano isiyotegemea hekalu. Mfalme Mkristo Theodosius alipokataza sadaka na kuingia mahekaluni mwaka 391, ibada za siri hazikuwa na chochote cha namna hiyo. Ziliishi kwa fedha za miji na za nyumba za maseneta kama Praetextatus, na mahali Isis alipodumu hadi karne ya 6, kisiwani Philae, mpakani kusini mwa Misri, alilindwa na majirani wa kusini waliokuwa na mkataba na dola, si na waumini waliotawanyika kote kwenye Mediterania.