Si kila "ya" ni "of": vihusishi baada ya nomino za Kiingereza

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza hufundisha vihusishi kwa mchoro wa mpira na sanduku. Mpira uko ndani, "in". Uko juu, "on". Uko chini, "under". Mchoro huo hauna kosa, ila unafaa kwa mahali tu. Mwanafunzi akitaka kuandika "sababu ya kuchelewa", hapo hakuna mpira wala sanduku. Anaandika "the reason of the delay", anapigiwa mstari mwekundu, basi.

Kinachomponza ni a-unganifu yetu, yaani ile "-a" inayounganisha nomino mbili. Sababu ya, suluhisho la, ongezeko la, mahitaji ya, ufunguo wa, uharibifu wa: kwetu zote zinabebwa na kihusishi kimoja kinachofuata ngeli tu. Mtu anaona "ya", mkono unaandika "of". Lakini Kiingereza kinasema "reason for", "solution to", "increase in", "demand for", "key to", "damage to". Sita hizo, na "of" haimo. Halafu inakuja "cause", ambayo nayo kwetu ni sababu, na hiyo ndiyo inayotaka "of": "the cause of the fire" ni kile kilichowasha moto.

Msimamo wangu ni kwamba nomino ya Kiingereza isiandikwe peke yake daftarini. Andika "solution to", si "solution" pembeni yake "suluhisho". Orodha ndefu za kukariri kwa alfabeti sizipendi, maana zinaweka "damage" karibu na "demand" kwa sababu ya herufi tu. Afadhali kupanga kwa maana. Nomino za kutaka kitu huelekea "for": "demand", "desire", "need", "request", "appetite", "search". Za kukandamiza au kugusa kwa nguvu huelekea "on": "effect", "impact", "pressure", "tax", "ban", "attack". Za kujibu au kupinga huenda na "to": "answer", "reply", "reaction", "objection", "resistance". Za kupanda na kushuka hutaka "in": "rise", "fall", "drop", "change". Mpango huu unavuja mahali fulani. "Damage" kwa maana yake ingestahili kukaa na "impact", lakini ni "damage to the car", kamwe si "on". Hizo zinazovuja ndizo za kukariri, na ni chache kuliko orodha nzima.

"On" hiyo ya "attack" ina faida ambayo a-unganifu haina. "Mashambulizi ya wanajeshi" ni yapi: waliyoyafanya au waliyofanyiwa? Kiswahili kinaacha muktadha uamue. Kiingereza kinatenganisha mapema: "the attack on the soldiers", wao ndio walioshambuliwa, "the attack by the soldiers", wao ndio walioshambulia.

Mtego mwingine unatoka kwenye vitenzi. Kitenzi kinaweza kushika yambwa yake (kinachotendewa) moja kwa moja, huku nomino yake ikidai kihusishi. "They discussed the plan", lakini "a discussion about the plan". "She requested a refund", lakini "a request for a refund". "He emphasised discipline", lakini "an emphasis on discipline". Mwanafunzi aliyezoea nomino huhamishia kihusishi kwenye kitenzi, ndipo tunapopata "discuss about", "request for a refund" kama kitenzi, na "emphasise on", makosa yanayosikika hata kwa wasomi. Vivumishi navyo havitabiriki: "proud of" lakini "pride in", "independent of" lakini "independence from".

Nomino moja pia inaweza kubadili maana pamoja na kihusishi. "Interest in music" ni hamu ya muziki. "Interest on a loan" ni riba ya mkopo. "A taste of honey" ni ladha ya asali, "a taste for honey" ni kuipenda, na "taste in music" ni aina ya muziki unaouchagua. "Increase" hutaka "in" mbele ya kinachopanda na "of" mbele ya kiasi, na vyote viwili huweza kukaa pamoja: "an increase of 10 per cent in prices".

Hata anayejua haya huteleza sentensi ikirefuka. Katika "the effect that rising prices have on small traders", maneno manne yamekaa kati ya "effect" na "on" yake, na mwandishi akishafika pale ameshasahau deni, anaweka "to" au "for". Dawa ni kurudi nyuma, kuitafuta nomino na kuuliza inataka nini. Nomino mbili zikiunganishwa, kila moja ilipwe haki yake: "knowledge of and interest in farming". Ukiandika "knowledge and interest in farming", "knowledge" imedhulumiwa.

Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, si ile ya tafsiri tu. Hiyo ya wanaojifunza mara nyingi huonyesha kihusishi kwa wino mzito kabla ya mfano. Ukitumia kopasi, yaani mkusanyiko wa matini halisi unaotafutika kwa kompyuta, kama British National Corpus, yenye maneno takriban milioni 100, usihesabu matokeo tu bila kusoma mistari. "Reason of" utaikuta, lakini mara nyingi ndani ya "by reason of", msemo wa kisheria. "Solution of" ni sahihi kwa chumvi iliyoyeyushwa majini, na wanahisabati huitumia kwa mlinganyo.

Kisha angalia "to" kwa makini, maana ni mbili. Katika "a decision to pay" ni alama ya kitenzi, kwa hiyo kitenzi kinabaki kitupu. Katika "an objection to paying" ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachukua "-ing". Kuzipima ni rahisi: weka nomino baada yake. "An objection to the tax" inakubalika, hivyo "-ing" inahitajika. "A decision to the tax" haina maana yoyote.