Kura ya Kumbikumbi

Ukizaliwa Mombasa kisha ukaletwa kufundisha Kiswahili upande wa Kakamega, kabla hata hujapata chumba cha kupanga utakuwa umeshafanywa emsii. Hakuna anayekuuliza kama una kipaji. Harusi ni wewe, matanga ni wewe, siku ya wazazi ni wewe. Ukijitetea kwamba kwenu hata dua ya kufungulia kikao huombwa mtu mwingine, wanacheka: "Sikieni Kiswahili hicho! Mpeni maikrofoni."

Shule yenyewe ni ndogo, iko ndani huko Shinyalu. Walimu wa kuhesabika, kengele ni ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini, na hatua chache kutoka mlingoti wa bendera kuna kichuguu kinachonipita urefu. Kila mwalimu mkuu anayeletwa pale huapa kwamba atakiondoa. Wazee wa bodi humsikiliza kwa adabu, humaliza chai yake, huenda zao, na kichuguu kinabaki. Nilipofika nilidhani ni mambo ya mizimu, nikawa nakizunguka kwa mbali. Kumbe ni mambo ya tumbo.

Siku ya wazazi iliangukia mwisho wa muhula wa kwanza, masika yameshika. Mwalimu mkuu alikuwa na jambo lake moja tu: uji. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na mzazi wa kwetu huukumbuka mwaka huo kuliko wa harusi yake. Ukimtajia mchango wowote anakutolea huo mwaka. Lakini bure hiyo haijawahi kufika kwenye sufuria. Watoto wadogo hutoka nyumbani alfajiri, na ikifika saa nne wamelalia madaftari. Mwalimu mkuu alitaka shilingi mia mbili kwa muhula, unga wa wimbi na sukari vitoke humo. Kila mkutano aliliweka jambo hilo kwenye ajenda, na kila mkutano wazazi walisema ni wazo zuri sana, twende tukalifikirie. Safari hii akaamua kuleta mgeni rasmi, mkubwa kutoka ofisi ya elimu, aje kulitilia uzito.

Basi makochi ya nyumbani kwa mwalimu mkuu yakabebwa vichwani, pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, yakapangwa chini ya hema la kukodi. Meza ya zawadi ikajaa mabeseni, majagi na sahani za plastiki. Gredi ya Nne wakaweka maonyesho ya somo la kilimo, na hapo mzazi yeyote wa Kenya anajua ninakoelekea: lile sanamu la kutisha ndege. Mtoto hukumbuka saa tatu usiku kwamba linatakiwa kesho, akishasema anaenda kulala. Anayekesha na nyasi na misumari ni baba. La kwetu lilitengenezwa na baba mmoja fundi cherehani, na kwa kuwa fundi hawezi kukubali kazi imwaibishe mbele ya watu, alilivisha koti lililokaa mabegani vizuri kuliko langu. Langu nilikuwa nimeazima.

Mgeni alitarajiwa saa nne. Saa nne ya mgeni rasmi mnaijua. Usiku mvua ilikuwa imenyesha ya kutosha, asubuhi jua likatoka kali, ardhi ikawa inafuka mvuke, na wazazi wakaanza kutazama njia ya shambani. Ili wasituponyoke, mwalimu mkuu akaamuru watoto wa isukuti wapige bila kupumzika. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe, na vyuma vya kutikisa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Pale kwetu anayehitaji kulindwa ni aliyeketi karibu nayo. Kwa hiyo mwalimu mkuu, akiyahurumia masikio ya mgeni ambaye hata hajatoka kwake, akawasogeza watoto mbali na hema na kuwaonyesha kivuli kizuri, ubavuni mwa kichuguu.

Walipiga hadi saa saba.

Mstari wa mbele alikuwa ameketi bibi mmoja ambaye shule nzima humwita Kukhu, mlezi wa wajukuu wake waliopo pale. Akaniita kwa kidole.

"Mwalimu, hao watoto wako hapo tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi, Kukhu."

"Na mvua ilinyesha usiku."

"Ilinyesha sana."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe unasikia ngoma," akasema. "Wao wanasikia mvua."

Sikumwelewa. Niliona tu akifungua leso kiunoni, akaikung'uta, akaitandaza mapajani, kisha akamnong'oneza jirani yake. Jirani akamnong'oneza wa tatu. Nikajua wanateta habari ya chakula, nikaenda kumwambia mpishi aongeze maharagwe.

Mgeni akafika, akapigiwa makofi, akapewa maikrofoni. Akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, cheo kwa cheo, hadi kwa dereva wake. Akaingia kwenye nidhamu. Kutoka kwenye nidhamu akahamia enzi za utoto wake, alivyokuwa akienda shule pekupeku, kilomita ambazo ziliongezeka kila alipozirudia.

Kumbikumbi wa kwanza alitua kwenye maikrofoni. Mgeni akampuliza, spika zikatoa kishindo, mtoto mmoja wa chekechea akaangua kilio. Wa pili akatua juu ya karatasi ya hotuba, akautembea mstari mzima hadi mwisho, akageukia wa pili. Nilikuwa karibu, nilimwona vizuri: mwili mnono wa rangi ya kahawia, mabawa marefu kupita mwili, anayaburura nyuma bila haraka. Nikasikia mchakacho. Nikageuka. Kila tundu la kichuguu lilikuwa linamwaga.

Baadaye nilifunzwa. Wapo kumbikumbi wa usiku, wanaofuata taa, na wapo wa mchana, na hawa wa mchana si wa kungojewa, ni wa kudanganywa. Watu hufunika kichuguu kwa blanketi au majani ya migomba, huacha tundu moja la kutokea, hutega chungu, kisha mtu huketi kando akigongagonga vijiti mpaka wadudu waamini mvua inanyesha. Kazi ya mtu mmoja na vijiti viwili. Sisi tulikuwa tumewaletea bendi.

Kukhu ndiye aliyenyanyuka wa kwanza, na huyo ni mtu ambaye siku zote hushikwa mkono ndipo anyanyuke. Akapita mbele ya mgeni rasmi, leso imekunjuliwa, hata hakuinama. Nyuma yake wakafuata kina mama, nyuma yao watoto, kisha kina baba waliokuwa wakijifanya wanakwenda kuwazuia watoto. Meza ya zawadi ikabaki tupu: mabeseni yakaenda, majagi yakaenda, mwenyekiti wa bodi akaonekana akikimbia na sahani mbili. Yule fundi cherehani akalikabili sanamu lake, akalivua koti, akalirusha juu ya kichuguu kuziba matundu ya upande wa barabara. Kuku wa kijiji kizima wakaingia bila mwaliko.

Naibu wa mwalimu mkuu, anayefundisha sayansi, hakutaka nafasi ipotee. "Gredi ya Tano, angalieni! Mdudu huyu ana mabawa manne, miguu sita, kichwa..." Gredi ya Tano walikuwa wameshapita kichwa, wako tumboni.

Mwalimu mkuu akanikonyeza. Emsii, rudisha watu. Nikachukua maikrofoni, nikavuta pumzi ya Kipwani, nikafungua kinywa: "Ndugu wazazi, kwa heshima na taadhima, naomba tuke..."

Akaingia. Wallahi sikumtafuna, alijipeleka mwenyewe, na spika zikatangaza kila hatua ya safari yake mpaka nilipokohoa kohozi la mwisho. Mwenzake naye alikuwa ameshaiona njia ya kola. Kola, shingo, uti wa mgongo. Koti la watu siwezi kulivua nikalitupa topeni. Nikainua bega la kulia, nikatikisa la kushoto, nikaruka, nikajinyonganyonga. Sasa isukuti huchezwa kwa mabega, na wale watoto, ambao hakuna aliyewaambia waache kupiga, walipoona mwalimu wao ameingia uwanjani wakaongeza kasi. Mama mmoja akapiga vigelegele: "Mwalimu wa Mombasa ameiva!" Akaja na beseni lake kichwani, akanitunza noti ya mia kwenye mfuko wa koti, akarudi kazini.

Mgeni rasmi alikuwa bado amesimama wima, hotuba mkononi, anatazama upeo wa macho. Kumbikumbi akatua kwenye mkono wa shati lake. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamshika mabawa kwa vidole viwili, akayang'oa kwa mkupuo mmoja wa mtu aliyezaliwa akiijua kazi hiyo, akamtia kinywani, akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa tena mtu wa ofisi. Akachukua kurasa za hotuba, akazisokota jinsi wauza njugu wanavyosokota karatasi, akakunja suruali na kushuka uwanjani. Nidhamu ilikuwa ukurasa wa nje.

Sasa aliyebaki ameketi alikuwa mwalimu mkuu peke yake, kwenye makochi yake yasiyo na vitambaa, maana vitambaa navyo vilikuwa vimepata kazi. Ningekuwa mimi ningelia. Lakini yule mzee amekaa kazini miaka mingi, ameona mengi. Akautazama uwanja muda mrefu. Nikaona uso wake unabadilika. Akaja akaninyang'anya maikrofoni, akaifuta mabawa kwa tai yake, akatamka kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ajenda ya sita. Mchango wa uji, shilingi mia mbili kwa kila mtoto kwa muhula. Wanaokubali wainue mikono."

Nikatazama. Uwanja mzima mikono ilikuwa juu. Watu walikuwa wanadaka. Wengine wamesimama kwa ncha za vidole, wengine wamebeba watoto mabegani na watoto nao wameinua.

"Naibu, hesabu."

Naibu, mtu mwaminifu, akahesabu. Alimhesabu mgeni rasmi, akahesabu na wanabodaboda waliokuwa wamesimamisha pikipiki zao barabarani wakaingia.

"Wanaopinga?" Akaacha nafasi ya kupiga chafya moja. "Imepita! Ajenda ya saba."

Zawadi ziligawanywa jioni. Msichana wa Gredi ya Sita aliyeshinda kwa usafi alipewa beseni lake likiwa na mabawa yamegandana chini, akalipokea, akapiga goti, akashukuru. Maharagwe hayakuguswa. Watu walikaanga kumbikumbi pale pale, bila mafuta, maana wanayo yao, chumvi tu, ndani ya sufuria ya uji. Nilikula, ndiyo. Yule wa kwanza simhesabu kwa sababu hakuwa na chumvi. Mgeni rasmi aliondoka magharibi na jagi la shule, lililofunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na kwenye kitabu cha wageni aliandika kwamba ameridhishwa sana na ushirikiano wa wazazi.

Mwalimu mkuu akaniagiza niandike habari za siku hiyo kwenye karatasi ya manila, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Niliandika ukweli. Akaisoma, akaikata kwa kalamu nyekundu, akaniambia niandike: "Wazazi walijitokeza kwa wingi na kuinua mikono kwa moyo mmoja." Katika sentensi hiyo hakuna neno la uongo, na mimi nikiwa mwalimu wa lugha sikuwa na pa kumkamatia.

Muhula wa pili ulipofunguliwa watoto walirudishwa nyumbani na vikaratasi vya mia mbili. Kesho yake wazazi walikuwa langoni kabla ya ringi kupigwa. Mwalimu mkuu akawakaribisha, akawapa chai, akafungua daftari la kumbukumbu za mkutano na kusoma ajenda ya sita na idadi yake.

Mzee mmoja akasimama. "Mwalimu, mimi nilikuwa nimeinua mikono miwili. Hizo ni kura ngapi?"

Mwalimu mkuu akapekua kurasa. "Mzee, mikono miwili huhesabiwa kura iliyoharibika."

"Basi sidaiwi."

"Kilichoharibika ni kura. Mtoto wako bado ana njaa."

Watu wakaguna, wengine wakacheka, mmoja akasema angalau hesabu ya wanabodaboda irudiwe. Mfukoni mwa mzee nikaona mkono unapapasa. Mambo yalikuwa yanaelekea kumalizika vizuri, mwalimu mkuu ameshashika kofia ya kalamu, ndipo Kukhu akaweka kikombe chini.

"Na sisi tuliokuwa tumeinama tukiokota," akauliza, "mlituandika wapi?"

Mwalimu mkuu akafungua daftari upya.