Stroberi haivundikwi

Watoto wengi wa mjini huijua ladha ya stroberi miaka mingi kabla hawajalitia tunda lenyewe mdomoni. Wanaijua kwenye yogati ya rangi ya waridi, kwenye peremende, kwenye biskuti zenye krimu katikati. Siku wakipewa tunda halisi, tena la kutoka supamaketi, wanakunja uso: chachu, maji matupu, halina hata harufu. Siwalaumu. Lawama naiweka kwetu sisi wanunuzi, na kwa wenye bekari wa Nairobi wanaotuuzia keki ya stroberi Januari hadi Disemba, utadhani tunda hili halijui mvua wala jua.

Na Limuru iko pale juu, si mbali na Nairobi, kama barabara haijafunga. Mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari, baridi ya kuvaa sweta mchana, udongo mwekundu, na wakulima wanaotoa stroberi tamu kuliko nyingi unazoziona zimepangwa kwenye vikebe vya plastiki mjini. Kuna wanaosema hili ni tunda la wazungu na kazi yake ni kupamba keki za harusi. Basi chai nayo iliingia Limuru mwaka 1903, na sijamsikia mtu akiiita kinywaji cha wageni. Stroberi yenyewe ni chotara. Mfaransa Amédée-François Frézier alibeba miche kutoka Chile akaifikisha kwao mwaka 1714, ikapandwa karibu na stroberi za Amerika Kaskazini, zikachavushana zenyewe kwa zenyewe. Tunda kubwa tunalokula leo limetokana na wazazi hao wawili. Ukitaka kulihesabia ugeni, litakuwa geni karibu kila mahali.

Tatizo letu si asili yake. Tatizo ni kwamba tumejiaminisha halina msimu. Ni kweli kwamba Uingereza wao wanalingoja hadi Juni, wanalila na krimu kwenye tenisi ya Wimbledon na kulifanyia shangwe, na kwamba huku karibu na ikweta, ambako mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima na milima ina ubaridi wake, mmea unaendelea kutoa maua mwezi baada ya mwezi. Lakini kutoa maua si kutoa tunda zuri. Huku anayepanga msimu ni mvua. Masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, maua yanalowa, ugonjwa wa ukungu wa kijivu unaingia, tunda linalogusa matope linaoza upande mmoja kabla upande wa pili haujaiva, na konokono wanajihudumia usiku. Julai hakuna mvua kubwa, ila wingu la Limuru linalala juu ya mashamba hadi mchana. Bila jua majani hayatengenezi sukari ya kutosha, na tunda linakuja jekundu, zuri kwa macho, lisilo na kitu ndani.

Januari na Februari ndiyo miezi yake. Jua kali mchana, baridi usiku, maji ya matone yanapita kwenye mipira chini ya matandazo ya nyasi kavu, na juu yake neti, kwa sababu ndege waitwao kuzumburu wanajua siku ya kuiva kuliko mwenye shamba. Wachumaji wanaingia alfajiri kabla jua halijalipasha tunda moto. Hawalivuti. Wanakata kikonyo kwa kucha na kuliacha na kofia yake ya majani, kwa sababu likivuliwa kofia linaanza kuharibika papo hapo. Na mama mmoja anayefanya kazi hiyo alinipa somo ambalo sijalisahau: “Mwanangu, usidanganywe na wekundu wa nchani. Inua hayo majani, angalia pale kwenye kikonyo. Pakiwa peupe, hilo limechumwa kwa ajili ya gari, halikuchumwa kwa ajili yako.”

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukivundika. Embe likiwa gumu unalifukia kwenye pumba au unalifunika gunia, ndizi vivyo hivyo, unangoja siku zake. Stroberi haivundikwi. Siku ilipochumwa ndiyo siku utamu wake ulipokoma. Itazidi kuwa nyekundu kidogo kwenye kikebe, italainika, lakini sukari haitaongezeka hata chembe. Ndiyo maana namwonea huruma mkulima: akiichuma imeiva kweli, inamharibikia njiani, akiichuma ina weupe, inafika salama na inamharibia jina. Na mnunuzi wa mjini hataki tunda dogo wala lililopinda, hata liwe tamu kama asali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tunda lililoiva kabisa liliwe hukohuko juu, na lile lililobaki lipikwe hukohuko, na kinachoteremka mjini kiwe jemu, shira na keki vilivyotengenezwa wiki zile mbili tatu za wingi.

Jemu ya mlimani ina elimu yake. Vitabu vingi vya mapishi vinakuambia uchemshe hadi nyuzi 104 au 105. Hiyo ni hesabu ya nchi za tambarare. Limuru maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, na jemu hushika ikipita hapo kwa nyuzi nne au tano, yaani 97 au 98. Anayengoja 105 akiwa Limuru atapata gundi nyeusi inayonuka sukari iliyoungua. Weka kipimajoto kando. Tia tone kwenye sahani iliyokaa kwenye friza, lisukume kwa kidole, likifanya makunyanzi limefika. Na kwa kuwa stroberi ina pektini kidogo, kamulia limau na uchanganye na chache zisizoiva sana. Hapo ndipo zile zenye weupe zinapata kazi ya maana.

Lakini jemu isiwe mwisho wa mawazo yetu. Miaka hii Ramadhani imeingia Februari, mwezi uleule stroberi zinapokuwa katika hali yake bora, na bado kaimati zetu tunazivika shira ya sukari na iliki peke yake. Laza stroberi na sukari usiku kucha, asubuhi chuja maji yake mekundu, yachemshe hadi yawe mazito, yamimine juu ya kaimati za moto. Iliki bado inakaa vizuri humo, usiiache. Kwa wasiopenda vitu vya kukaanga, kijiko cha jemu ndani ya maziwa lala baridi kinaishinda yogati yoyote ya waridi.

Najua nitaambiwa habari ya alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya: bila hiyo chupa yako haikai kwenye rafu ya supamaketi, na kuipata si kazi ya mtu anayepikia jikoni kwake. Masharti ya usafi siyapingi hata moja. Ninachouliza ni kwa nini kila mwanamke mwenye robo ekari atakiwe kujenga kiwanda chake. Kilimo kiko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010. Jiko moja la pamoja, lenye sufuria za chuma kisichoshika kutu, maji safi na chumba cha baridi, lingetosha kikundi kizima, na alama ikaombwa mara moja kwa jina la kikundi.

Na wenye bekari nao wabandike mlangoni kwamba keki ya stroberi mbichi ni ya miezi ya jua. Masika watuuzie ya pasheni, au ya jemu iliyopikwa Februari, na waseme hivyo waziwazi. Aprili nikiikuta keki yenye stroberi mbichi dirishani nitauliza zimechumwa wapi na lini, na nitazifunua majani yake kabla sijatoa pesa.